Paka wa ndani anatapika na ana homa: mlango uliofungwa si chanjo

Paka anayekaa ndani, asiyevuka hata mlango wa parseli, anaweza kuamka mgonjwa asubuhi na kufa kesho yake jioni. Anatapika povu la njano, mwili unawaka moto, anakataa hata sambaza. Katika miji ya mashariki ya Kongo, watu wengi wakiona hivyo wanasema jambo moja tu: amekula sumu. Pengine ni kweli. Lakini kuna ugonjwa unaoua paka kwa namna inayofanana na hiyo, unaoingia nyumbani bila paka mwenyewe kutoka, na ambao chanjo yake ipo tangu miaka mingi. Paka anayepona na paka anayezikwa wanatofautiana mara nyingi kwa kile ambacho mwenye nyumba alifanya katika masaa 24 ya kwanza.

Mlinzi wa gunia

Huko Goma, Bukavu, Butembo, Bunia ao Uvira, paka hafugwi kwanza kwa kubembelezwa. Ana kazi. Analinda mahindi, maharagi, unga wa mihogo, nguo ndani ya sanduku na hata waya za redio. Mama anayeuza unga anajua hesabu yake vizuri: panya akitoboa gunia usiku mmoja, hasara si ile iliyoliwa tu. Unga uliomwagika chini na ule uliochafuliwa na mkojo wa panya hauuziki tena.

Ndiyo sababu paka wengi wanafungiwa. Wako ndani ya depo, ndani ya butike, ao nyumbani kwa watu wanaoogopa kwamba paka wao ataibiwa, atagongwa na pikipiki ao atalishwa kitu kibaya na jirani. Wenye paka hao wanajiambia kwamba mnyama asiyetoka hawezi kukutana na ugonjwa, kwa hiyo hawafikirii chanjo. Hapo ndipo kosa linapoanza.

"Typhus" ya paka si tifoide ya watu

Kwa Kifaransa, waganga wa wanyama wanauita ugonjwa huo "typhus du chat". Jina lake la kitaalamu ni panlekopenia, neno lililotoka katika Kigiriki, maana yake upungufu wa chembe nyeupe zote za damu. Mwaka 1928, watafiti Verge na Cristoforoni walionyesha kwamba unaletwa na virusi.

Jina hilo "typhus" linawachanganya wengi, basi tuliweke wazi. Ugonjwa huu hauhusiani na tifoide, ile inayoletwa na maji na chakula kichafu, wala na typhus ya watu inayoletwa na chawa. Mtu hawezi kuupata kutoka kwa paka. Mtoto aliyelala karibu na paka mwenye ugonjwa huu hataumwa kwa sababu hiyo, na hakuna haja ya kumtupa mgonjwa nje ya nyumba kwa kuogopa virusi hivyo.

Virusi vyenyewe ni vya jamii inayoitwa parvo. Haviwezi kuongezeka isipokuwa ndani ya chembe za mwili zinazogawanyika haraka. Kwa paka, chembe za namna hiyo zinapatikana hasa nafasi tatu: katika utumbo, katika uboho (ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), na kwa mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Dalili zote zinatoka hapo.

Ukuta wa utumbo ukiharibika, paka anatapika, kisha anaharisha, pengine na damu. Maji yanatoka mwilini kuliko yale yanayoingia. Uboho ukishambuliwa, chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, zinaisha. Wakati huohuo vijidudu vinavyoishi ndani ya utumbo vinapita kwenye ukuta ulioharibika na kuingia katika damu, na hakuna askari wa kuvizuia. Kwa hiyo paka hafi kwa virusi peke yake. Anakufa kwa kukaukiwa maji na kwa damu iliyochafuka.

Paka jike akiambukizwa wakati wa mimba, watoto wanaweza kufia tumboni. Wengine wanazaliwa na sehemu ya nyuma ya ubongo ambayo haikukomaa, ile inayosimamia mwendo. Wanatembea wakiyumba kama walevi, na hawaachi kuyumba hata wakikua. Hapo hakuna uchawi. Wengi wao wanaweza kuishi vizuri ndani ya nyumba yenye utulivu.

Tangu paka aambukizwe hadi dalili zionekane, zinapita siku 2 hadi 10. Wanaopata pigo kubwa zaidi ni wale wenye umri wa miezi 2 hadi 6, wakati kinga waliyoipata katika maziwa ya mama imeisha na hawajapewa chanjo. Kwa watoto wa paka wasiotibiwa, vifo vinaweza kufika 90 kwa mia. Lakini paka mkubwa asiyechanjwa naye hajaepuka.

Kinachoingia bila kubisha hodi

Paka mgonjwa anatoa virusi kwa wingi katika mavi na matapishi yake, pia katika mate na mkojo. Virusi hivyo ni vigumu sana kufa: vinaweza kudumu ndani ya nyumba kwa mwaka mzima. Alkoli ya kusugua mikono haiviui. Sabuni ya kawaida inaviondoa kwa sehemu, lakini haiviui.

Sasa fikiria safari ya kila siku. Mtu anatoka sokoni, amekanyaga mahali ambapo paka wa mtaani aliyeumwa alipita juma lililopita. Anafika nyumbani, anavua viatu sebuleni. Paka wa ndani anakuja kunusa viatu, anajisugua kwavyo, kisha anakaa pembeni na kujilamba manyoya. Imetosha. Gunia lililowekwa chini katika depo ya mtu mwingine linaweza kufanya kazi hiyohiyo, na katoni vilevile, na mikono ya mtoto aliyecheza na kipaka cha jirani.

Mbwa pia wanaingia katika hesabu hii. Mwaka 1978 dunia iligundua ugonjwa mpya wa parvo kwa mbwa, ulioletwa na virusi ambavyo ni ndugu wa karibu wa vile vya paka. Aina za virusi vya mbwa zinazozunguka leo zinaweza kumwambukiza paka. Kwa hiyo, kama watoto wa mbwa katika parseli wanaharisha damu na kufa mmoja baada ya mwingine, mwenye paka asijifariji kwamba hilo ni jambo la mbwa tu.

Si kila kutapika ni ugonjwa huu

Paka ni mnyama anayetapika kwa urahisi. Akitapika mara moja manyoya aliyoyameza wakati wa kujilamba, kisha akarudi kula na kucheza, hakuna sababu ya kuogopa. Kipaka mwenye tumbo lililovimba, anayetapika minyoo inayoonekana kwa macho, anahitaji dawa ya minyoo kwa kipimo cha uzito wake.

Uzi ni hatari nyingine ya ndani ya nyumba. Mahali penye cherehani ao panaposukwa nywele, paka anameza uzi ao kipande cha meshi akicheza. Uzi unanasa chini ya ulimi ao tumboni, na utumbo unajikunja juu yake kama kitambaa kilichovutwa uzi. Paka anatapika tena na tena. Homa inakuja baadaye, utumbo ukishatoboka. Mfungue kinywa polepole, utazame chini ya ulimi. Ukiona uzi, usiuvute, hata kama unaning'inia kinywani ao unatokea nyuma. Kuvuta kunaweza kukata utumbo. Mpeleke kwa muganga na uzi wake.

Sumu nayo ina sura zake. Dawa nyingi za kuua wadudu zinaleta mate mengi, kutetemeka na kuharisha kwa muda mfupi, pengine dakika chache hadi masaa machache. Sumu ya panya ile inayozuia damu kuganda haionekani siku ileile. Baada ya siku 3 hadi 5, paka anakuwa mnyonge, fizi zinakuwa nyeupe, anahema kwa shida ao anatoka damu. Paka anaweza kuipata kwa kula panya aliyeimeza. Kwa hiyo mwenye nyumba achague: ama paka, ama sumu. Viwili hivyo havikai chini ya paa moja.

Tukirudi kwenye ugonjwa wetu, picha yake ni hii: paka asiyechanjwa, hasa aliye mdogo, ambaye kwa siku moja anaacha kula, ana homa kali na anatapika mara nyingi, hata wakati tumbo ni tupu. Anatapika povu ao maji ya njano. Kuharisha kunaweza kuchelewa siku moja ao mbili, pengine kusionekane kabisa. Alama moja waganga wanaijua sana: paka anachuchumaa mbele ya sahani ya maji, kichwa kimeinama juu yake, ana kiu lakini hanywi. Ukiona hivyo, umhesabu kuwa na panlekopenia hadi muganga aseme vingine.

Mambo manne ya kuangalia kabla ya kutoka nyumbani

Jambo la kwanza ni joto. Masikio ya moto hayatoshi kusema kwamba paka ana homa. Tumia kipimajoto cha kidijitali, kipakwe vazelini, kiingizwe taratibu sentimita moja ao mbili katika njia ya haja kubwa, mtu mwingine akimshika paka ndani ya kitambaa. Paka mzima ana joto kati ya 38 na 39,2. Akipita 39,5 akiwa ametulia, ana homa. Akipita 40 na anatapika, mpeleke siku ileile. Kipimajoto hicho kisitumike tena kwa watu.

Angalizo kubwa liko hapa. Joto likishuka chini ya 37,8 kwa paka aliyekuwa na homa jana, hiyo si habari njema. Wengi wanafurahi na kusema homa imetoka. Kumbe mwili umechoka kabisa, unaanza kuzimika. Huo ndio wakati wa kukimbia zaidi.

Jambo la pili ni fizi. Zinapaswa kuwa na rangi ya waridi na unyevu. Fizi zilizokauka na kunata zinaonyesha upungufu wa maji. Zikiwa nyeupe, za bluu ao za kahawia, usingoje.

Jambo la tatu ni ngozi. Ishike kidogo kati ya mabega, uivute juu, uiachie. Ikirudi mara moja, ni vizuri. Ikibaki imesimama kama hema, paka amekauka.

Jambo la nne ni hesabu. Andika ametapika mara ngapi, tangu saa ngapi, rangi gani, na lini alikula ao kukojoa mara ya mwisho. Piga picha ya matapishi kwa simu. Dakika mbili hizo zinaweza kumwokolea muganga nusu saa ya maswali.

Parasetamole: kidonge kimoja kinatosha kuua

Homa ikipanda, mkono wa mwenye nyumba unakwenda moja kwa moja kwenye parasetamole, kwa sababu ndiyo dawa iliyo ndani ya kila nyumba. Kwa paka, hiyo ni sumu. Maini ya paka hayana uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama maini ya mtu. Mabaki yake yanaharibu damu, ambayo inashindwa kubeba hewa. Fizi zinakuwa za kahawia ao za bluu, uso na miguu vinavimba, paka anahema haraka. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mkubwa, na kwa kipaka hata kipande kidogo ni hatari.

Ibuprofene na diklofenake pia zisiguswe: zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Kama mtu amekwisha kumpa paka dawa yoyote ya watu, amwambie muganga ukweli wote: ni dawa gani, kiasi gani na saa ngapi. Dawa ya kupinga parasetamole ipo, lakini inafaa ikitolewa mapema. Anayeficha kwa haya anamnyima mgonjwa nafasi hiyo.

Maziwa na mafuta ya mawese, ambavyo watu wanavitia kinywani mwa paka kwa kufikiri vinakata sumu, havisaidii. Maziwa ya ng'ombe yanaongeza kuharisha. Mafuta yanayolazimishwa kwa mnyama anayetapika yanaweza kuingia katika mapafu. Antibiotike iliyobaki kwa mtoto nayo isitumike kwa kubahatisha.

Kinachofaa nyumbani ni kidogo, lakini kina maana: mweke paka mahali pakavu, penye joto na kimya, mbali na paka wengine. Ondoa chakula kilichochacha. Acha maji safi karibu. Kama hatapiki kila anachomeza, mpe maji kwa sindano isiyo na shindano, matone machache pembeni ya kinywa, kila baada ya dakika kumi. Usimlaze chali wala usimlazimishe. Na hayo yote yafanyike wakati unapotafuta namna ya kumfikisha kwa muganga. Kipaka mdogo hana akiba ya kukaa usiku mzima bila chakula wala maji.

Serumu ndiyo nusu ya uponyaji

Hakuna dawa inayoua virusi hivi ndani ya mwili. Kazi ya muganga ni kumshikilia paka hai hadi mwili wake utengeneze tena chembe nyeupe. Anaweka serumu, katika mshipa ikiwezekana, ao chini ya ngozi kama hali si mbaya sana, ili kurudisha maji na chumvi. Anatoa dawa ya kuzuia kutapika. Anachoma antibiotike, si kwa ajili ya virusi, ni kwa ajili ya vile vijidudu vya utumbo vilivyoingia katika damu. Kutapika kukipungua, paka analishwa kidogo kidogo, mapema.

Mahali penye maabara, hesabu ya chembe nyeupe inaonyesha haraka kinachoendelea. Kipimo cha haraka cha parvo kilichotengenezwa kwa mavi ya mbwa kinaweza kugundua virusi vya paka pia, na hilo linafaa kukumbukwa katika miji yetu ambapo vifaa vya paka ni haba. Lakini muganga mwenye uzoefu hangoji matokeo ili aanze serumu.

Mwenye paka ajitayarishe kwa siku kadhaa. Paka anayefika siku ya tano akiwa hai mara nyingi anapona, na akipona anabaki na kinga ya muda mrefu. Ni vizuri kuuliza bei tangu mwanzo na kupatana na muganga kuhusu kile kinachowezekana, kuliko kuanza matibabu na kuyakata katikati.

Tatizo ni kumpata muganga huyo. Wengi wa waganga wa wanyama huku kwetu wanashughulika na ng'ombe, mbuzi, nguruwe na kuku. Hata hivyo wamesomea paka pia: Université Catholique du Graben huko Butembo na Chuo Kikuu cha Lubumbashi vina vitivo vya uganga wa wanyama. Asiyejua pa kuanzia anaweza kuuliza kwenye ofisi ya ukaguzi wa jimbo ya kilimo, uvuvi na mifugo (IPAPEL). Tafuta namba ya simu sasa, paka akiwa mzima, uiandike. Saa nne usiku si wakati wa kuuliza majirani.

Ituri: homa ya paka inaweza kuwa jambo jingine

Kuna sehemu moja ya nchi ambapo homa ya paka inahitaji macho zaidi. Ituri ni kati ya maeneo ya dunia yaliyo na tauni tangu karibu miaka mia moja, na mwaka 2020 eneo la afya la Rethy, katika Djugu, lilipata tena wagonjwa. Tauni inaletwa na bakteria inayobebwa na viroboto wa panya. Paka anayekula panya mgonjwa anaweza kuipata: ana homa kali, hali, na mara nyingi anatoa uvimbe chini ya taya ao shingoni, ambao unaweza kupasuka na kutoa usaha.

Tofauti na panlekopenia, tauni inavuka kwenda kwa mtu: kwa kuumwa na viroboto, kwa usaha, kwa kukwaruzwa ao kwa pumzi ya paka anayekohoa. Marekani, kati ya mwaka 1977 na 1998, watu 23 waliipata kutoka kwa paka, na 5 kati yao walikufa. Kwa hiyo, katika vijiji ambapo panya wanakufa ovyo, paka mwenye homa na uvimbe asibebwe mikononi wala asilale na watoto. Mfungie peke yake, funika mikono na kinywa ukimkaribia, na ujulishe kituo cha afya haraka. Tauni inatibika kwa antibiotike ikigunduliwa mapema. Mtu ndani ya nyumba akipata homa ao mtoki, asingoje hata siku moja.

Na mahali popote, paka mgonjwa akimwuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya kwa sababu ya kichaa cha mbwa, ambacho paka pia anakibeba.

Chanjo, tarehe baada ya tarehe

Chanjo ya panlekopenia inafanya kazi vizuri sana. Inaanza kipaka akiwa na majuma 6 hadi 8, inarudiwa kila majuma 3 ao 4 hadi afikishe angalau majuma 16. Kurudia huko kuna sababu: kinga ya maziwa ya mama inaweza kuizima chanjo ya kwanza, na hakuna anayejua kwa macho siku ambayo kinga hiyo inaisha. Kipaka aliyechomwa mara moja tu akiwa na majuma 8 hajalindwa kwa hakika. Baada ya hapo, chanjo inarudiwa kabla ya kumaliza mwaka ao wakati wa kutimiza mwaka, kisha kila miaka mitatu.

Kwenye karte ya chanjo iliyoandikwa kwa Kifaransa, tafuta herufi T, ya typhus, ao P, ya panleucopénie. Herufi C ni mafua makali ya paka, R mara nyingi ni kichaa cha mbwa. Uliza herufi moja moja maana yake, kwa sababu chanjo ya kichaa peke yake haizuii panlekopenia. Chanjo yenye virusi vilivyopunguzwa nguvu haipewi paka mwenye mimba, kwa hiyo mchanjie kabla ya kumpeleka kwa dume.

Kuna swali lingine la kuuliza bila haya: chupa imekaa wapi? Chanjo hizi zinahifadhiwa kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Pale ambapo umeme unakatika masaa mengi, chupa iliyopata joto ni maji tu, hata kama tarehe yake haijapita. Muganga mwaminifu atakuonyesha friji ao kisanduku chake cha barafu. Njia nzuri kwa wenye paka wa avenyu moja ni kuungana: chupa zinafika pamoja katika baridi, paka wote wanachanjwa asubuhi moja, na gharama za usafiri zinagawanywa.

Akifa, kazi haijaisha

Wakati paka amekufa kwa ugonjwa huu, wengi wanamtupa kwenye mtaro ao kandokando ya ziwa. Hivyo wanawaachia virusi paka wa mtaa mzima. Azikwe ndani ya shimo refu. Huko Goma, ambapo mawe ya volkano hayachimbiki, mfunge ndani ya mifuko miwili na utafute mahali penye udongo, mbali na maji. Matandiko yake yachomwe.

Kisha nyumba isafishwe kwa maji ya Javel. Wakaaji wa Mangina, Beni, Butembo na Goma wanaijua kazi hii tangu wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, wakati ndoo ya klore ilikuwa mbele ya kila mlango. Kwanza osha kwa sabuni, kwa maana Javel haifanyi kazi juu ya uchafu. Kisha, kama Javel yako ina klore ya 5 hadi 6 kwa mia, tia kipimo kimoja katika vipimo 30 vya maji. Kama ina nusu ya nguvu hiyo, tia viwili. Pakaa sakafu, sahani, kikapu na nyayo za viatu, acha dakika 10, suuza, fungua madirisha. Usichanganye Javel na asidi ao dawa nyingine ya kusafishia, kwa sababu inatoa hewa inayochoma mapafu.

Panya hawatangoji msiba uishe, na mwenye butike atataka paka mwingine kesho. Lakini kipaka kisichochanjwa kikiletwa katika nyumba hiyo kitakufa vilevile. Kama huwezi kungoja mwaka mzima, chukua paka mkubwa aliyemaliza chanjo zake, majuma mawili tangu sindano ya mwisho. Na kila paka mpya anayeingia nyumbani penye paka mwingine akae chumba chake peke yake siku 14, na sahani yake.

Kwa wale ambao paka wao ni mzima leo, kazi ni mambo matatu: viatu vibaki nje, karte ya chanjo itafutwe na isomwe, namba ya muganga iandikwe. Na siku paka atakapotapika akiwa na homa, asitafutiwe mchawi wala parasetamole. Atafutiwe serumu, siku hiyohiyo.